Kishindo Kabla ya Ngumi

Nimeishi Carrollton, nikaishi Haltom City, nikaishi Pearland kwa dada yangu, yote miji ya Texas, na katikati ya hapo nimelala kwenye vyumba ambavyo hata rangi ya kuta zake siikumbuki. Watu wa kanisani huniuliza kwa nini situlii. Huwaambia ni mambo ya kazi. Si kazi. Nikikaa mahali muda mrefu, naanza kumsikia Mjerumani akipumua.

Nilikutana naye mwishoni mwa miaka ya tisini katika jimu moja ya Haltom City, jengo la mabati lililowahi kuwa gereji. Siku za joto sakafu ilitoa harufu ya oili. Nyumbani Kenya nilikuwa nimecheza ngumi za ridhaa katika timu ya kiwanda, si bondia wa kutisha, lakini mkono nilijua kuunyoosha. Asubuhi nilipakia maboksi ghalani, alasiri nilikuwa mwenza wa mazoezi wa Mjerumani. Kazi hiyo ni kuigiza. Kocha anakuwekea kanda ya video ya mtu atakayepigana na bondia wako, nawe kwa wiki sita unakuwa mtu huyo.

Kocha wetu alikuwa mzee, Mmarekani mweusi mwenye magoti mabovu, aliyekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya ulingo bila kuhama. Yeye ndiye aliyempa Mjerumani jina la Berlin.

"Mzee, mimi si wa Berlin. Kutoka kwetu hadi Berlin ni saa nne kwa gari."

"Saa nne? Hapa Texas huyo ni jirani. Funga mdomo, inua mikono."

Tulifungana bendeji za mikono, mimi nikimfunga yeye, yeye akinifunga mimi, na hapo ndipo alipozungumza. Alianza ngumi utotoni, upande wa mashariki, chini ya jengo la shule. Serikali ilimpa suti ya michezo, daktari, na ratiba ya chakula. Alipigana na fulana na kofia ya kinga, raundi tatu tu, waamuzi wakihesabu ngumi zilizogusa vizuri.

"Kule kwenye ridhaa unapigana kama karani anayegonga mihuri," aliniambia. "Pa, pa, unaondoka."

Kisha ukuta wa Berlin ukaanguka, klabu ikafungwa, kocha wake wa kwanza akawa dereva wa basi. Yeye akaingia ngumi za kulipwa. Fulana ikavuliwa, kofia ikavuliwa, raundi zikawa nyingi, na watu waliokunywa bia kwenye meza ndefu walitaka kuona damu. Alishinda, akashinda, akashindwa, halafu mtu fulani akamwita Texas. Sasa alikuwa na miaka thelathini na minne. Akishinda pambano la Houston, angepewa nafasi ya kugombea mkanda. Akishindwa, alisema, kuna basi linamsubiri kwao.

Mpinzani wake alisifika kwa ngumi ya kuzungusha ya mkono wa kushoto. Basi nikawa nairusha hiyo. Ilimpata kila mara, na hakupepesa macho. Mtu anayeiona ngumi hupepesa, hata kama itampata. Wiki ya pili nikamuuliza tukiwa tunavua viatu.

"Jicho la kulia?"

Akaendelea kufungua kamba. "Naona mwanga. Dirisha naliona."

"Na vipimo vya daktari?"

"Zile herufi za ukutani nimezikariri."

"Mwambie mzee."

"Nikimwambia, nimekwisha. Wewe Kenya, nyamaza tu."

Mahali nilipojifunzia ngumi, unachokijua kuhusu mwili wa bondia kwa sababu umesimama mbele yake si chako kukitangaza. Anayetangaza haitwi tena. Kwa hiyo nilinyamaza. Lakini mimi nilifanya zaidi ya kunyamaza.

Ulingo wetu ulikuwa wa mbao chini ya turubai, kila kitu kilisikika. Siku moja, bila kupanga, kabla ya kurusha ngumi ile niliugonga mguu wa kushoto chini. Akainua glovu, ngumi ikagonga glovu. Nikagonga tena, akainua tena. Kocha akapiga makofi kwenye kiti chake.

"Mmeona? Berlin amejifunza! Nilisema atajifunza!"

Hatukuwahi kulizungumzia, mimi na Mjerumani. Wiki nne niligonga mguu, wiki nne aliinua mkono. Nilirudi nyumbani nikiwa nimefurahi. Hilo ndilo linaloninyima raha mpaka leo, kwamba nilifurahi.

Houston tulipigana Jumamosi jioni. Dada yangu, ambaye ni nesi, alikuja moja kwa moja kutoka zamu, bado na sare zake, akakaa nami nyuma ya kona yetu. Yeye hapendi ngumi, alikuja kwa ajili yangu. Raundi mbili za kwanza Mjerumani aligonga mihuri yake vizuri. Ya tatu, mkono wa kushoto wa yule mtu ukazunguka ukampata shavuni, na hakupepesa.

Yule mtu alitembea kama paka. Hakuwa na kishindo chochote.

"Kaka," dada akanishika mkono, "huyu bondia wenu haoni upande huu."

"Anaona."

"Mimi nauguza watu kila siku, usinidanganye. Tazama anavyogeuza kichwa, kama kuku."

Nilitazama. Mjerumani alikuwa ameinamisha sikio kuelekea chini. Katika kelele zile zote, alikuwa anautafuta mguu wangu.

Kocha alikuwa hatua tatu mbele yangu, taulo begani. Ningeweza kumvuta shati. Badala yake nikaanza kugonga mguu kwenye saruji, pale kitini, kila nilipoona bega la yule mtu likijikunja. Dada akaniangalia mguu, akaniangalia usoni, akauachia mkono wangu. Katika raundi ya tano Mjerumani alianguka.

Asubuhi hospitalini walituambia ataishi, jicho la kulia limekwisha, tena lilikuwa bovu tangu kabla ya pambano, na ngumi zimekwisha. Alilala kichwa kikiwa kimefungwa bendeji, macho yote mawili yamefunikwa. Kocha alisimama kando ya kitanda.

"Nani alijua?"

"Hakuna aliyejua," Mjerumani akasema.

Kocha akanigeukia. "Wewe ulisimama mbele yake wiki sita."

"Sikujua, mzee."

Dada alikuwa mlangoni. "Mwambie," akaniambia kwa Kiswahili, taratibu. "Mwambie sasa hivi."

"Anasema nini?" kocha akauliza.

"Anasema mgonjwa apumzike."

Dada akatoka. Kocha akaitikia kwa kichwa. Kisha akashika chuma cha kitanda, akajishusha kidogo kidogo kwa yale magoti yake mpaka uso wake ukafika karibu na wa Mjerumani.

"Nisamehe, mwanangu. Nilikaa pale kila siku, nikakutazama kila siku, na sikuona. Ni mimi niliyelala."

Mjerumani akaupapasa mkono wa mzee juu ya shuka mpaka akaupata. Alikuwa ananisubiri mimi niseme. Nilisikia anavyopumua, polepole, kama mtu anayehesabu, na niliendelea kusikiliza mpaka nesi wa zamu akaja kututoa.