Emerance Hafanyi Mazoezi

Mwaka 2002, akiwa na miaka kumi na tano, Emerance alipata sifuri katika somo la mazoezi ya mwili. Mwalimu Hippolyte aliiandika kwa wino mwekundu, kisha akamweleza bila hasira:

"Weye mutoto, sikukuona ku terrain hata siku moya. Uvivu itakuharibia mwili."

Uwanja wenyewe wa kitongoji cha Mudzipela ulikuwa umejaa mahema ya wapiganaji, toka goli hadi goli. Kwa hiyo mwalimu alikuwa amehamishia somo nyuma ya kanisa, saa nane mchana. Saa nane ndiyo saa wasichana wa mtaa wa Emerance walipokwenda kuchota maji. Mabomba yalikuwa yamekauka, na njia fupi ya chemchemi ilikuwa na kizuizi cha watu wenye bunduki, basi waliuzunguka mlima mzima. Emerance alikwenda mara mbili kwa siku, akirudi na bidoni la lita ishirini kichwani. Risasi zikilia, alikimbia nalo. Kulitupa kungemaanisha kurudi tena.

Alichokipenda ni nzango, mchezo wa wasichana wa kuimba, kupiga makofi na kurusha miguu wakitazamana. Mama yake, Pétronille, alikuwa ameupiga marufuku hata uani kwao.

"Makofi itaita watu ya bunduki," alisema. "Baki mu nyumba, uko salama."

"Na ku maji, mama?"

"Maji haiko muchezo. Beba bidoni uende."

Mei 2003 vita viliingia mjini. Familia ilifunga vitu vichache ikakimbilia kambi iliyoota karibu na uwanja wa ndege. Njiani walimkuta Mwalimu Hippolyte ameketi juu ya sanduku lake la vitabu, anahema. Alisema ilikuwa mara ya tatu anaketi. Emerance alimpa mama yake furushi la nguo, akajitwika sanduku.

Mwalimu alimfuata kwa shida. Baada ya mwendo mrefu akauliza, "Ulizoea wapi kubeba hivi?"

"Ku saa ya somo yako, mwalimu."

Emerance aliona haya kwa jibu lile, akapunguza mwendo ili mzee asiachwe nyuma.

Mwezi wa pili kambini, alikuja mwanamke mpole wa shirika la misaada, aitwaye Estelle, na karatasi ya maswali kuhusu afya ya vijana. Alimkuta Emerance ametoka kupasua kuni.

"Mu juma moya, unafanyaka sport mara ngapi?"

"Hata mara moya."

"Kwa nini?"

Emerance alifikiri kwa uaminifu. "Nafasi haiko. Ninachoka."

Estelle aliandika. Siku zilipopita, shirika lake likatangaza kwamba vijana wa kambi hawajishughulishi na mazoezi, likaleta mipira kumi na miwili. Wavulana wakaichukua yote, pamoja na kipande pekee cha ardhi tambarare. Wasichana waliitazama mipira kutoka kwenye mstari wa maji, ambapo mtu aliweza kusimama asubuhi nzima.

Siku moja Alphonsine, rafiki yake, alichoka kusimama. Aliweka bidoni chini, akamgeukia Emerance, akapiga makofi mawili. Emerance akajibu kwa mguu. Kufumba na kufumbua wasichana kumi walikuwa wanaruka kando ya mstari, vumbi likipanda, na mlinzi wa bomba akawaonya kwamba asiye kwenye nafasi yake atarudi mwisho.

Hapo Pétronille akatokea. Emerance alisimama, akishusha macho, akingoja kugombezwa. Mama aliyatazama mabidoni yaliyoachwa, akamtazama mlinzi, akaingia kwenye mstari mahali pa binti yake. Mstari uliposogea mbele, alilisukuma bidoni lao kwa mguu, halafu la Alphonsine.

"Endeleeni," alisema. "Siye wamama tutawachungia nafasi."