Kochi Lililotangulia Mlango

Kochi letu liliingia sebuleni kabla ya mlango. Nalisema hili mapema ili ugomvi wetu ueleweke. Tulihamia Mbagala nyumba ikiwa na kuta na bati tu, kama wengi tunavyohamia, na kochi nikalipitisha kwenye tundu pana lililokuwa likisubiri fremu. Baadaye ikaja fremu ya mninga, kisha grili ya chuma, na kuanzia hapo kochi halikuwa na pa kutokea. Anayetaka litoke achague kukata grili au kulikata kochi lenyewe.

Mimi ni fundi makochi, karakana yangu iko Keko. Kochi hilo nilimtengenezea mke wangu mwaka tuliooana, bila msaidizi: la watu watatu, mgongo mrefu wenye vifungo, mikono minene, velveti nyekundu. Mke wangu akalifumia vitambaa vyeupe vya kulitandika. Majirani walikuwa wakija kulitazama, na mimi nilikuwa nakaa pembeni kwenye kiti cha plastiki nikisikiliza ninavyosifiwa. Chema chajiuza, nilikuwa najisemea. Sikuona haja ya kutengeneza kitu kingine cha nyumbani, maana nani anarudi kutoka kwenye misumari akaanza tena misumari?

Kisha mke wangu akaanza kwenda Tandika kwenye mitumba.

Jumamosi moja nilirudi nikamkuta jirani yetu amekalia tairi. Lilikuwa tairi la gari dogo, limezungushiwa kamba ya katani kuanzia chini hadi juu, na juu yake kuna mto uliotokana na koti zito la baridi, lile koti la Ulaya ambalo hapa Dar hakuna mwenye akili angelivaa. Jirani alikuwa amekunja mguu mmoja, anakunywa chai. Kochi langu lilikuwa tupu, hatua mbili kutoka alipo.

"Shemeji, mkeo ana mikono," akaniambia.

Nikajibu kwamba ndiyo, anayo. Katika nyumba ile sifa za mikono zilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni na vumbi la mbao kichwani.

Jirani alipoondoka nililichunguza lile tairi. Nilivuta kamba nione kama itaachia, haikuachia. Nikasema linanuka mpira. Mke wangu akasema alilisugua kwa sabuni akalianika juani siku nyingi. Nikainama nikalinusa, na kweli lilinukia sabuni. Niliudhika zaidi.

Baada ya hapo vitu havikukatika. Kikapu cha ukili alikitoboa kitako akakifanya kifuniko cha taa, na jioni ukutani kukawa na vivuli vya mistari mistari. Sanduku la safari, la ngozi, lililokuwa halifungi, likawa meza. Mifuko ya suruali kuukuu za jinzi aliishona kwenye pazia moja akaitundika karibu na televisheni, na humo tukawa tunaweka rimoti, chaja na funguo. Muuza mitumba wake alikuwa akimpigia simu: "Mama, belo la mapazia linafunguliwa sasa hivi." Mke wangu aliweza kuacha chapati motoni kwa simu ile. Mimi nikimpigia kutoka Keko, alikuwa ananiambia atanipigia baadaye.

Watu husema wivu ni wa kike. Wangu ulikuwa na ndevu. Nilikionea wivu kikapu, nikalionea wivu koti la Mzungu nisiyemjua. Mgeni akigeuza shingo kutazama ile taa, nilitamani nimshike kichwa nikigeuze kwenye kochi.

Lakini hayo yote ningeyameza kama si mteja wangu wa Ukonga. Alikuwa ameagiza seti nzima, kitambaa tumeshachagua. Akapita nyumbani kunisalimia, akamkuta mke wangu. Wiki iliyofuata akaja karakana anacheka kwa aibu.

"Fundi, ile ishu ya makochi tuiache kwanza. Mama kaniambia ya kwangu ya zamani mbao bado nzima, niyavalishe tu. Kanionyesha na pazia zito la mtumba, zuri hilo, we acha."

Mafundi wenzangu wote walisikia. Mmoja akaniuliza kama mke wangu anatafuta kijana wa kumsaidia, maana mimi naonekana nitapata nafasi. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na kwangu nguo zenyewe zilikuwa za mtumba. Nilifika nyumbani sijasalimia mtu.

Jioni hiyohiyo, bila kujua yaliyonikuta karakana, mke wangu akachagua kuniambia kwamba kina mama wa kikundi chake watakutana kwetu, na kochi haliachi nafasi.

"Tuite mtu alikate," akasema. "Mbao zake nifanyie rafu, na benchi la kibarazani."

"Atakayelikata aanze na mie."

"Baba watoto, kuna mtu umewahi kumwona kajinyoosha kwenye lile kochi?"

"Watu wanakaa."

"Wanakaaga kama wanasubiri daktari."

Nikamwambia hayo matakataka yake ya majalalani ndiyo yakatwe. Nilisema kwa sauti, na jirani bila shaka alisikia. Yeye hakupandisha sauti hata kidogo.

"Miaka ile nilikuomba stuli ya jikoni, nifikie kabati. Ukaniambia nikuletee vipimo, kama mteja. Nikakuletea. Mpaka leo naisubiri. Unadhani lile tairi lilikuja humu kwa nini?"

Nikasema kochi halitoki. Yeye akasema sawa, kama kochi halitoki watatoka wengine.

Kwa muda mfupi nilidhani anazungumzia ndoa. Kumbe alikuwa ameshaiona fremu ya duka pale njia panda, jirani na duka la dawa, na kikundi chake kilikuwa tayari kumdhamini. Vitu vikaanza kuondoka. Tairi lilipita kwenye grili, sanduku likapita, taa ya kikapu aliibeba mkononi kama ua. Vyote vilipita bila kugusa chuma, na kochi langu likabaki limejaa pale lilipo. Nilikuwa nimeshinda, na niliufurahia ushindi huo jioni nzima.

Jioni hiyo ndiyo nilipolikalia. Mtu atashangaa, lakini miaka yote hiyo sikuwahi kulikalia zaidi ya dakika za kupiga picha ya Idi. Lilikuwa la wageni, na mimi nilikuwa na kiti changu cha plastiki. Nikaegemea. Mgongo wake ulinisukuma mbele, vifungo vikanibonyeza kwenye mbavu, na kina chake kilikuwa kirefu mno, miguu ikawa inaning'inia kama ya mtoto. Nikageuka upande. Nikaweka mto, nikautoa. Balbu ilikuwa uchi, inaniumiza macho. Rimoti niliitafuta kila mahali, kwa sababu mifuko ya jinzi nayo ilikuwa imeondoka.

Majirani wakawa wanafika mlangoni hawaingii.

"Mama yupo?"

"Yuko dukani."

"Haya, ngoja tumfuate hukohuko."

Nikirudi kutoka Keko ilinibidi nipite pale njia panda. Nilikuwa napita upande wa pili wa barabara, natembea taratibu, kichwa mbele na macho pembeni. Kila nikipita, pale palijaa watu. Wanawake wamekaa kwenye matairi wamevua viatu, wanacheka, wengine hata hawanunui. Siku moja nilimwona kijana mwenye shati jeupe ameshika kifuniko cha taa, mke wangu anamwelekeza kitu, wote wawili wanacheka. Nilisimama kwenye genge la nyanya nikazibonyezabonyeza mpaka mwenye genge akaniuliza kama naponda au nanunua. Usiku huo mke wangu alikuwa amechoka, akalala. Mimi mgongo uliniuma kwa lile kochi, ambalo sasa nililikalia kila jioni, nikabaki macho.

Nilivumilia hadi mgongo ulipokataa kunyanyua mbao kazini. Siku hiyo nilivuka barabara. Nilikuwa nimetunga maneno njiani, ya mume na mke, lakini nilipofika nikakuta kina mama wamekaa duara, na maneno yote yakanikimbia.

Mke wangu aliinua macho. "Karibu, fundi," akasema. Hakusema baba watoto. "Una shida gani?"

"Kochi linaniuma mgongo."

Jirani yetu, yule wa siku ya kwanza, akajifunika mdomo kwa khanga. Mke wangu hakucheka. Aliniangalia kama ninavyomwangalia mimi mteja aliyeleta kiti kilichovunjika, akitafuta kasoro iko wapi.

"Kochi lile mbao zake nzuri," akasema. "Shida ni mgongo mrefu na kina. Inabidi likatwe pale pale ndani, lishushwe."

"Nani atalikata?"

"Hapa fundi ni nani?"

Nikasema ni mimi. Sauti ilinitoka ndogo kuliko nilivyotaka.

"Basi niletee vipimo."

Vipimo vya kochi lile navijua kuliko jina langu. Nikaanza kumtajia upana, kimo, kina, na nilikuwa nataja kwa majivuno kabisa, hadi aliponikatisha.

"Si vya kochi. Geuka."

Nikageuka, uso barabarani, mgongo kwa kina mama. Akavua futi ya kupimia iliyokuwa shingoni mwake, akaiweka chini ya shingo yangu, akaishusha taratibu kwenye uti wa mgongo. Kiunoni mkono wake ukatulia. Nikamuuliza, kwa sauti ya chini ili wale wengine wasinisikie, kama wateja wote anawapima hivi.

Akaniambia nisimame wima.