Breki ya Upande wa Mwalimu

Kwa miaka kumi na tisa mwanamume huyu alifundisha udereva katika chuo kidogo chenye magari matatu na darasa moja. Wanafunzi walimwita Mwalimu Breki, kwa kuwa hakumruhusu mtu kugusa ufunguo kabla hajafumba macho na kuitafuta breki kwa mguu mara ishirini. Ukikosea mara ya kumi na tisa, unaanza upya. Walimcheka, lakini walifaulu mtihani, na baada ya kufaulu walimletea ndugu zao.

Hakuwa mtu wa maneno mengi. Nyumbani alikuwa na mke, mshonaji wa sare za shule, na mabinti wawili waliokwisha kuolewa. Mkewe alizoea kuwaambia wateja kwamba ameolewa na mtu anayeongea kwa vidole: kimoja twende kushoto, viwili twende kulia, kiganja kizima simama.

Jumatano moja, saa mbili kasoro asubuhi, alikuwa garini na mama mmoja mwenye duka la rangi. Mama huyu alikuwa na miaka hamsini na ushee, na aliamua kujifunza baada ya kuchoka kuwabembeleza wanawe wampeleke huku na huko. Lilikuwa somo lake la kumi na moja. Walipokaribia kivuko cha shule, mtoto wa kike mwenye mkoba wa bluu akashuka ukingoni na kuingia barabarani. Yule mama alikusudia kukanyaga breki, mguu ukaangukia kanyagio la mafuta. Gari likaruka mbele kama limepigwa mjeledi.

Magari ya kufundishia huwa na breki ya pili, upande wa mwalimu. Mwalimu aliikanyaga hiyo kwa miguu yote miwili. Gari likasimama huku mtoto ameweka viganja juu ya boneti, kama mtu anayezuia mlango usifunguke. Walitazamana kwa kioo cha mbele, yeye na mtoto. Kisha mtoto akainama, akaokota kiatu kilichomvuka, akakivaa na kwenda zake shuleni.

Ndiyo yote. Hakuna aliyekwaruzwa. Mama wa rangi alilia, akanywa maji, wakabadilishana viti, mwalimu akalirudisha gari chuoni. Mkuu wa chuo alishukuru Mungu, akamwambia apumzike mpaka saa nne, na saa nne akampa mwanafunzi mwingine.

Wiki ya kwanza alikuwa sawa. Wiki ya pili mguu wake wa kulia ulianza kukaa juu ya breki hata gari likiwa limezimwa. Wiki ya tatu akawa anafunga breki bila sababu: kwa karatasi inayopeperuka, kwa kivuli cha nguzo, kwa mwanamke aliyesimama mbali kabisa akisubiri kuvuka. Wanafunzi walirushwa mbele na kurudishwa nyuma mpaka wakaanza kunung'unika. "Mwalimu, nimekosea nini?" Hawakuwa wamekosea. Usingizi ulimpaa. Akifumba macho aliviona vile viganja viwili juu ya boneti, vidogo, vimekunjuliwa.

Mwisho wake alifunga breki katikati ya mzunguko, gari la nyuma likawagonga. Taa moja ilivunjika na dereva yule akatoa matusi ya kumtosha mtu mwaka mzima. Mkuu akamwita ofisini.

"Una nini siku hizi?"

"Mgongo," alisema mwalimu. Ndilo neno lililomjia kwanza.

"Basi kapime mgongo. Mpaka uniletee karatasi ya daktari, kaa darasani ufundishe alama."

Akawa anasimama mbele ya ubao akionyesha kwa fimbo: hapa usipite, hapa punguza mwendo, hapa kuna watoto. Kwenye hiyo ya watoto alipita haraka.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Shemeji yake, kaka wa mkewe, dereva wa lori mwenye sauti ya lori, alikuja Jumapili kula chakula cha mchana na kumkuta amekaa akitazama sakafu.

"Nasikia umeshushwa garini," shemeji alisema. "Kwani ulimgonga mtu?"

"Hapana."

"Sasa? Mimi lori limenipindukia mara mbili, na bado nalala kama gogo. Jikaze, shemeji. Usije ukaanza kuokota makopo."

Mwalimu alicheka kidogo ili mambo yaishe. Mkewe hakucheka. Alikusanya sahani na kuondoka, na kutoka jikoni sufuria zikasikika zikiwekwa kwa nguvu isiyohitajika.

Daktari wa kituo cha afya alimwinamisha, akamwinua, akamgongagonga uti wa mgongo, akamwuliza analala saa ngapi na anakula nini. Mwishoni akaandika kikaratasi. "Chumba namba tisa. Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa nne."

Mwalimu alikijua chumba namba tisa. Kila mtu alikijua. Mlangoni kuliandikwa USHAURI NASAHA, na chini yake mtu alikuwa amekwaruza kwa msumari neno moja: wehu.

"Daktari, mimi sina wazimu."

"Sijasema unao. Mgongo wako mzima, wewe mwenyewe ndiwe usiye mzima. Mimi natibu migongo."

Jumanne ya kwanza alifika saa nne kasoro. Namba tisa ilipakana na chumba cha meno, na mbele ya milango hiyo miwili palikuwa na benchi moja refu. Upande wa meno ulijaa, upande wa pili ulikuwa mtupu. Akajibana upande wa meno. Hakupita muda, jirani yake, fundi saa, akaja ameshika shavu na kuketi ubavuni pake.

"Na wewe, mwalimu? La juu au la chini?"

"La chini," alisema mwalimu.

"Kulia au kushoto?"

"Kulia."

Fundi saa akamhurumia, akamweleza historia ya meno yake yote, na muuguzi alipotoka na kuuliza nani anafuata, akamsukuma mwalimu kwa moyo mwema kabisa. "Mwacheni huyu aingie, ameumia kuliko mimi." Mwalimu alisimama, akasema jino limetulia, akatoka nje na kwenda nyumbani kwa miguu. Siku mbili nzima kila aliyekutana naye mtaani alimuuliza jino linaendeleaje.

Asingerudi tena, lau si mkewe. Jioni ya Jumanne ile alikuwa anamrefushia suruali, pini mdomoni.

"Mgongo umesemaje?" aliuliza.

"Wamenipa dawa."

"Ziko wapi?"

Mkewe akatoa pini moja baada ya nyingine na kuzichomeka kwenye kifuko chake.

"Miaka ishirini na saba nakushonea nguo, nisiujue mgongo wako? Baba watoto, usiku unakanyaga shuka. Unalikanyaga mpaka linatoka kitandani. Mimi sijui ni nini, lakini mgongo siyo."

Akamweleza. Hakumweleza vizuri, alianzia mwisho na kurudi mwanzo, lakini mkewe alielewa. Alipofika kwenye namba tisa alidhani mkewe atashtuka, na kweli alishtuka kidogo. Akauliza kama watu wanaoingia humo huwa wanaandikwa mahali. Mwalimu alisema hajui. "Basi nenda ukawaulize," mkewe alisema. "Wakikuandika, tutajua la kufanya."

Jumanne ya pili alikuta mtu kwenye upande mtupu wa benchi. Alikuwa mama wa duka la rangi, amevaa vizuri, mkoba mapajani, akisoma gazeti. Mwalimu alitaka kugeuka, lakini mama alikwisha kumwona.

"Mwalimu. Umekuja kwa huyu dada wa ushauri?"

"Nimekuja kwa… jino."

"Mlango wa meno ni ule." Hakusema kwa sauti ya chini. Upande wa meno watu waliacha kuugulia, wakageuza shingo. "Mimi hii ni mara yangu ya nne. Tangu siku ile mikono ilikuwa inatetemeka, nikamwaga kopo zima la rangi ya bahari juu ya mteja. Wanangu wakasema ni uzee. Nikasema uzee gani huu unaoanza Jumatano saa mbili asubuhi? Kaa hapa."

Akakaa. Masikio yalimwaka, lakini akakaa. Alitambua pia kwamba katika wiki zote hizo hakuwahi kumuuliza mwanafunzi wake hali. Alidhani limempata yeye peke yake.

Chumba namba tisa zamani kilikuwa stoo ya mashuka. Kilikuwa na viti viwili, meza iliyosukumwa ukutani, feni, na kabati la chuma lisilofunga vizuri. Mshauri alikuwa binti asiyezidi miaka thelathini na mitatu. Mwalimu alimwamkia kwa heshima ya kazi, naye binti akamwamkia kwa heshima ya umri, wakamaliza salamu hawajui nani mkubwa.

"Unaandika?" mwalimu aliuliza.

"Naandika ili nisisahau. Daftari linakaa kwenye kabati hili. Mkuu wako hapewi, jirani hapewi."

"Hilo kabati halifungi."

Binti alilitazama. "Kweli. Nitalisemea tena." Akalifunga daftari na kuliweka mkobani mwake. "Leo siandiki."

Kwa jibu hilo mwalimu alimwamini, zaidi ya ambavyo angemwamini kwa cheti. Alisimulia. Alipofika kwenye viganja alikwama, na mshauri hakumharakisha wala kumpa pole. Feni ilizunguka. Akaendelea mpaka mwisho.

"Sasa nipe ushauri," alisema.

"Sina."

"Mlangoni pameandikwa ushauri."

"Pameandikwa mambo mengi pale mlangoni." Alitabasamu. "Niambie kwanza. Mwanafunzi mwoga, anayetetemeka kabla hujawasha gari, unamfanyaje?"

Hilo mwalimu alilijua kama jina lake. Unampeleka kiwanjani, hakuna magari. Unamwacha akae tu. Unawasha injini, unazima. Gia ya kwanza, mita kumi, basi, mwisho wa somo. Kesho ishirini. Barabara kubwa haiji mpaka mwenyewe aanze kuchoka na kiwanja.

"Unamkemea?"

"Ukimkemea umeharibu kila kitu."

"Unamwambia ajikaze?"

Mwalimu alitazama viatu vyake. Baadaye alimweleza mkewe kwamba mtu alikuwa amemfundisha somo lake mwenyewe, na kwamba lilimuuma kama jino kweli.

Haikuwa kazi ya siku moja. Alikwenda mara tisa. Mara ya tatu alitoka amekasirika na kuapa harudi. Mara ya nne alirudi. Nje ya chumba alifanya mazoezi aliyopewa: alikaa upande wa mwalimu, gari limezimwa, mguu chini sakafuni, akihesabu pumzi. Mkewe alikaa kwenye usukani, ingawa hakujua kuendesha, akishonea vifungo. Baadaye mwalimu mwenzake aliendesha na yeye akakaa pembeni, kiwanjani, kisha barabara za ndani, kisha mzunguko.

Mara ya sita mshauri alimuuliza ni kitu gani kimoja angetaka kukijua. Akasema anataka kujua kama yule mtoto ni mzima. Alikuwa hajawahi kuuliza. Basi yeye na mama wa rangi wakaenda shuleni wakati wa mapumziko, wakamtajia mwalimu mkuu ule mkoba wa bluu, naye akamwita mtoto ofisini. Alikuja anatafuna. Walimweleza wao ni nani, mama wa rangi akamwomba radhi.

Mtoto aliwaza. "Gari gani? Lile jekundu?"

"Jeupe."

"Jeupe silikumbuki. Lile jekundu lilinipigia honi." Akauliza kama anaweza kurudi kucheza.

Njiani mama wa rangi alicheka mpaka akalazimika kushika ukuta. Mwalimu alicheka pia, na baada ya hapo viganja vilianza kuja mara moja moja tu, halafu vikaja kama kumbukumbu yoyote nyingine.

Mambo mengine hayakunyooka hivyo. Upande wa meno ulikuwa na masikio, na haikufika mwezi mji mzima ukajua. Wanafunzi wawili walihamia chuo kingine, mmoja baba yake alipiga simu kusema hawezi kumwacha mwanawe mikononi mwa mtu asiye timamu. Mkuu alipokea karatasi ya daktari na kumrudishia gari, lakini kwa kulegalega, na kwa mwezi wa kwanza alimpa wale waliobakiza somo moja au mawili tu. Fundi saa alimnunia kwa kudanganywa kuhusu jino. Shemeji wa lori hakubadilika. Kwake yale ya namba tisa yalikuwa maongezi tu, na maongezi hata kijiweni yapo. Ila hakutaja tena habari za makopo, kwa kuwa dada yake alimwambia akirudia hatakula Jumapili, na wali wa dada yake aliupenda.

Mlango wa namba tisa ulipakwa rangi upya. Mama wa rangi alileta kopo na brashi mwenyewe, akafuta lile neno. Baada ya wiki mbili mtu alilikwaruza tena. Akapaka tena.

Mwalimu aliposhika kazi kamili, mwanafunzi wake wa kwanza mpya alikuwa msichana wa duka la dawa, mwenye maswali. Alijifunga mkanda, akaweka mikono kwenye usukani, akaona bora aulize kabisa.

"Mwalimu, samahani. Ni kweli uliwahi kuchanganyikiwa?"

Mwalimu alikuwa anarekebisha kiti chake. Mguu wake wa kulia ulikuwa sakafuni, karibu na breki lakini si juu yake.

"Niliogopa," alisema. "Nikashindwa kufanya kazi. Nikaenda kwa mshauri mara tisa. Wewe je, unaogopa?"

"Sana."

"Vizuri. Leo hatuwashi. Fumba macho, unitafutie breki."