Kijiko Kibichi

Mama alipanda pilipili hoho kwenye kibustani chetu cha Wembley, akazitengeneza achari, akaiweka chupa dirishani ipate jua kama kwao Unguja. Onyo lake lilikuwa moja: kijiko kisiwe na tone la maji. Mimi, kwa uroho wangu, nikachota kwa kijiko nilichokiosha papo hapo.

Siku tatu sikuwa na raha. Kila nikirudi skuli nilikimbilia dirishani kuichungulia chupa. Siku ya nne ukungu mweupe ulikuwa umetanda juu.

Mama akaimwaga achari yote. “Jua gani hili, hata achari haliivishi! Nchi hii haitutaki, mwanangu.”

“Kweli, Mama,” nikasema, muoga mkubwa mimi.

Mwaka uliofuata alipanda maua.