Leseni Moja ya Harlan Fork

Nusu ya watu wa Harlan Fork walimwita Orla Stambaugh "mjane wa mvuta bangi", na kila alipolisikia jina hilo alitamani kumpiga mtu kofi. Mumewe, Wendell, hakuvuta bangi hata siku moja. Kifua chake kilikuwa kibovu tangu utotoni. Yeye alikuwa akilima. Kiwanda cha mbao kilipofungwa, wanaume wengi wa milima ile ya kaskazini mwa California waliugeukia mmea huo, wakaupanda mabondeni katikati ya miti mirefu. Kila mavuno yalipokaribia, walilala jicho moja wazi, sikio likitegea helikopta za polisi.

Ilipofika zamu ya Wendell, askari wa kwanza kushuka alikuwa Royce Kimmel, kijana ambaye Wendell mwenyewe alikuwa amemfundisha kuendesha trekta. Waling'oa bangi yote, kisha wakahamia kwenye nyanya za Orla.

"Hizo ni nyanya, kipofu wee!" Orla alimfokea.

Kimmel akacheka. "Kwangu mimi majani ni majani, mama."

Wendell alifungwa pamoja na jirani yao Clem Vardy, waliyekuwa wakilima naye. Clem alitoka mzima. Wendell alitoka anakohoa damu, na kaburi lake likachimbwa kabla theluji ya mwaka ule haijayeyuka.

Orla akafungua duka la mashine za kufulia nguo, akaishi humo na hasira zake. Mabomba ya mji yalipoanza kutoa maji ya rangi ya chai, watu walimtafuta diwani anayejua kugombana, na kwa ugomvi Orla hakuwa na mpinzani. Wakampa kura, ingawa si wengi waliompenda.

Kisha jimbo zima likapiga kura na bangi ikawa halali. Ila kila mji uliachiwa rungu lake: kuruhusu maduka au kuyakataa, yawe mangapi, yakae wapi, yafungwe saa ngapi. Baraza la Harlan Fork lilikubali duka moja tu. Mtu wa kwanza kuitaka leseni hiyo alikuwa Royce Kimmel, sasa mstaafu mwenye kitambi, aliyekwisha kununua jengo la benki ya zamani.

Kikao kilifanyika mchana katika ukumbi wa zimamoto. Watu walijaa mpaka mlangoni.

"Orla asipige kura!" alipaza sauti mtu wa nyuma. "Ana kinyongo!"

"Ninacho," Orla akajibu kutoka kitini pake. "Nawe unacho, Dale. Bado hujamsalimu ndugu yako tangu mgombanie ile boti."

Watu wakacheka. Kimmel hakucheka. Alisimama, akashika mkanda wa suruali yake kama zamani alivyoshika bastola.

"Wakati ule nilifuata sheria, na leo nafuata sheria. Kosa langu liko wapi?"

"Umeketi pande zote mbili za meza, Royce, na kote umeshiba. Wenzio walikula chakula cha jela."

"Wendell alijua anachokifanya!"

"Usilitaje jina lake humu ndani."

Mwenyekiti, Bi Patrice Ludlow, aligonga meza mpaka kikombe chake cha kahawa kikamwagika. Hapo Orla akatoa pendekezo lake: leseni itolewe kwanza kwa mkazi wa mji aliyewahi kufungwa kwa sababu ya mmea huohuo. Madiwani wawili waliafiki, wawili wakapinga, na kura ya Orla ikaamua. Mwombaji wa namna hiyo alikuwa mmoja tu, Clem Vardy, aliyekaa pembeni na kofia yake magotini, mdomo wazi.

Usiku huohuo kioo cha duka la Orla kilivunjwa kwa jiwe. Aliziba kwa ubao, akaendelea kufua. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alijikuta akiimba kidogo.

Wimbo huo haukudumu. Mwezi haukwisha Clem akaja dukani, akasimama karibu na mashine bila nguo ya kufua.

"Orla, nimepata mbia."

"Vizuri. Nani?"

Clem akaangalia viatu vyake.

"Sema, Clem."

"Royce. Usinikate kichwa, nisikilize kwanza! Mimi nina leseni, sina jengo. Benki hazitaki hata kuniona. Yeye analo jengo, analo na gari. Nitafanyaje?"

"Alikufunga pingu mbele ya mama yako."

"Nakumbuka. Mikono ilikuwa yangu, si yako." Sauti ya Clem ilipanda. "Wewe ulitaka kulipiza kisasi. Mimi nataka kula. Wendell angenielewa."

"Toka."

"Orla..."

"Toka dukani kwangu!"

Ubia ulihitaji idhini ya baraza. Orla alikataa; wanne waliobaki waliafiki, na Patrice hakuthubutu kumtazama usoni. Duka likafunguliwa, na magari ya wageni yakajaa barabara nzima.

Orla hakujiuzulu kama wengi walivyotumaini. Aliomba kazi ambayo madiwani wenzake waliikwepa, ya ukaguzi. Alipoingia kwenye jengo la benki mara ya kwanza, Kimmel alikuwa nyuma ya kaunta, amevaa fulana yenye picha ya jani.

"Karibu, diwani. Hata salamu hatupeani?"

Orla alimpita, akaenda moja kwa moja nyuma. Mlango wa dharura ulikuwa umezibwa kwa maboksi mpaka juu.

"Tunaondoa sasa hivi," Clem alisema haraka. "Dakika tano tu."

"Mmefungiwa wiki nzima."

"Kwa maboksi?" Kimmel alinguruma. "Mwanamke, una roho mbaya!"

"Hiyo ndiyo sheria, Royce. Si unaipenda?"

Alibandika tangazo mlangoni, akalisawazisha kwa kiganja huku wateja wakimzomea kutoka kando ya barabara. Alitembea mpaka kona, mahali ambapo hawakuweza kumwona, akaegemea ukuta. Alikuwa amengoja furaha ifike. Akangoja tena kidogo, kisha akaenda zake kazini.