Nilitandika Majani ya Migomba Kwenye Vizimba vya Panya

Kosa ni langu. Nalisema mwanzoni kabisa kwa sababu najijua, nikipewa nafasi nitaanza kuzungukazunguka na mwisho nitamsingizia fundi seremala.

Jina langu niacheni nalo. Nimepanga chumba Njoro, hapa Moshi, na kwa miaka kumi na moja kazi yangu ilikuwa kutunza panya weupe kwenye nyumba moja ya utafiti. Kuwalisha, kuwapa maji, kusafisha vizimba vyao. Mtaani wananiita Baba Panya. Wanacheka, nami nacheka, lakini jamani, hakuna anayekaa karibu nami! Hata harusini kiti cha pembeni yangu hubaki kitupu. Mke nilikuwa naye, akaondoka akisema nanuka.

Kisha akaja dada mmoja kutoka Masasi, anasomea udaktari wa mambo ya wanyama. Nitamwita Tumaini. Siku ya kwanza aliingia, akaniamkia, "Shikamoo kaka," halafu akauliza panya yupi ni mkorofi kuliko wote. Nilishangaa. Wasomi wengine walikuwa wakiingia wanaangalia vizimba, mimi wananipita.

Tukawa tunakula pamoja mchana, kwenye benchi la nyuma. Yeye ndiye aliyenieleza tunachofanya, maana kwa miaka yote ile nilikuwa natekeleza tu. Alikuwa anachunguza dawa ya ukungu, ile wanayopulizia kahawa. Panya jike mwenye mimba anapewa tone dogo kila asubuhi, kisha watoto wake wanafuatiliwa wanavyokua.

"Kaka, panya mkubwa ukimpa tone hili humwoni na shida yoyote," aliniambia. "Shida iko kwa mtoto wakati anajengwa. Dawa inaingia kwenye homoni zake, inazichanganya. Dume anazaliwa hajakamilika udume wake, wala hutamjua kwa macho mpaka umpime."

Kundi la pili halikupewa kitu, maji matupu. Hao ndio wa kulinganishia. Akasema bila hao utafiti wote ni bure. Naomba mkumbuke nililisikia hilo kwa masikio yangu mwenyewe!

Desemba mama yake akaugua, ikabidi asafiri. Akaniachia funguo, matone na daftari. Akaniambia maranda ya kutandika vizimbani yatoke kwa yule seremala wetu tu, anayetumia mbao zisizo na dawa. Akifunga, niende kwa mwenzake aliyeko Himo. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Mnajua Krismasi ya kwetu. Mchagga hata awe wapi atapanda mlimani. Tarehe ishirini na nne maranda yalikuwa yanaishia, nikaenda kwa seremala, nikakuta kufuli. Kashapanda Rombo na familia yake! Himo ilinibidi niende siku ileile, na nyumbani Kibosho mbuzi alikuwa anachinjwa jioni. Nilikuwa na mwaka mzima sijakaa na watu wakanizunguka. Nilitaka kisusio, ile supu ya damu ya mbuzi, nilitaka kelele za wajomba, nilitaka mtu anigombeze kwa utani. Himo sikwenda.

Asubuhi ya Krismasi nikaokota kiroba cha majani makavu ya migomba pale kihambani, shamba la nyumbani kwa mama. Ng'ombe wetu wanalalia hayo hayo tangu nizaliwe. Nikashuka nayo kwa pikipiki. Waliokuwa wanapewa dawa nikawatandikia maranda yaliyobaki, maana niliona hao ndio wa muhimu. Wale wa maji matupu nikawawekea majani. Nikajiambia, hawa si wanakunywa maji tu!

Majani yalikuwa na madoa meupe. Kaka yangu alikuwa amepulizia kahawa dawa ya ukungu wiki ileile, na kwetu kahawa iko chini ya migomba. Nililiona doa, nikalifuta kwa kidole gumba, nikaendelea. Wale majike wenye mimba wakayachanachana kwa meno, wakajisukia viota vizuri kweli, nikafurahi kuwatazama. Nikawapa wengine matone yao, nikafunga mlango, nikapanda mlimani kula nyama.

Majani yalikaa siku nne. Seremala aliporudi nikayatoa, nikayachoma, na daftarini nikaandika: maranda, kama kawaida.

Tumaini alirudi Januari na mfuko wa korosho zangu. Watoto walikuwa wameshazaliwa. Akaanza kupima, mmoja mmoja, kwa kile kifaa chake kidogo. Siku ya tatu akaniita.

"Kaka, hawa wa maji wametoka sawa na wa dawa. Kuna kitu kilibadilika nilipokuwa sipo?"

Nikasema, "Hakuna, dada."

Akaamini! Akajitilia shaka mwenyewe. Akasema labda mkono wake unatetemeka kwa sababu ya mawazo ya mama. Akapima upya wote. Alikuwa akipima huku ananong'ona namba, na mimi nimesimama nyuma yake na ufagio. Akaniuliza mara ya pili, chakula ni kilekile? Maji ni yaleyale? Nikajibu kilekile, yaleyale. Hilo halikuwa uongo, na nilijipongeza kwa kulipata jibu lile. Hebu fikirieni nilivyokuwa mtu wa hovyo!

Kuanzia hapo chakula cha mchana kikawa mzigo. Yeye anaongea, mimi naitikia. Nilikuwa na mtu mmoja tu duniani wa kuongea naye, na sasa kila neno lake lilinigusa palepale nilipoficha. Nikaanza kusema sina njaa. Akawa anakula peke yake benchini, namwona dirishani.

Kwetu kuna jani la sale. Ukimkosea mtu, hata liwe kosa zito namna gani, ukimwendea na jani hilo hawezi kukukatalia msamaha. Basi Jumatatu moja nikamletea. Nikaliweka mezani kwake bila neno. Yeye ni Mmakua, atalijuaje?

"Umeniletea jani zuri hivi! Linaitwaje?"

"Sale."

Akalitia kwenye glasi ya maji, akaliweka dirishani. Kisha akanigeukia. "Kaka, una kitu unataka kuniambia?"

Hiyo ilikuwa mara ya tatu. Nikasema hapana, tunapandaga tu mipakani. Na nikatoka nimepona kabisa rohoni, mwenzenu! Nikajihesabia kwamba nimeshaomba radhi, jani limepokelewa, yamekwisha.

Hayakwisha. Wasimamizi wake walisema vipimo haviaminiki, na kwa kuwa makundi yote mawili yalitoka sawa, ile dawa ya kahawa ilionekana haina neno. Muda wake wa masomo ulikuwa umefika mwisho. Akapanga vitu vyake kwenye boksi, akaniaga kwa mikono miwili, akasema, "Umenivumilia sana, kaka." Nilimsindikiza mpaka getini tu. Stendi sikuweza.

Nilikaa na jambo hili miaka miwili. Mwaka huu shemeji yangu alikuwa mjamzito, anachuma kahawa iliyotoka kupuliziwa. Nikamwambia kaka yangu amtoe shambani. Akacheka: "Si wewe ulituambia panya wenu hawakuonyesha kitu?" Kweli nilimwambia, nikijikosha. Shemeji akaendelea kuchuma.

Siku hiyo nilimpigia Tumaini. Nikamweleza yote, hata doa nililolifuta.

"Majani yalikaa siku ngapi?" akauliza.

"Nne."

"Mimba zilikuwa na siku ngapi?"

"Kumi na sita, kumi na saba hivi."

"Ndizo siku zenyewe udume unapojengwa," akasema. Kisha, taratibu tu, "Nilikuuliza mara tatu, kaka." Akaniambia sasa anafundisha shule ya msingi na ana darasa linamsubiri. Akakata. Nikipiga sasa simu haipokelewi.

Mkuu wangu nilimwandikia barua, nikaondolewa kazini, na nilistahili. Mtaani bado ni Baba Panya ingawa panya sina. Nyumbani kaka hanisemeshi tangu nimweleze ukweli mbele ya mke wake. Napika ugali wa mtu mmoja, naula nikiwa nimesimama.

Wewe unayesoma, labda kuna mtu anakuuliza kitu leo kwa upole, kazi yake au maisha yake yamekaa kwenye jibu lako. Usimpe jani. Usimpe jibu la ujanja. Fungua mdomo useme!

Maana hiki ndicho kinachonitafuna. Panya hubeba mimba wiki tatu tu. Ningesema siku ile Januari, Tumaini angenigombeza, angelia kidogo, angechukua majike wengine akaanza upya. Wiki tatu, ndugu zangu. Tungekuwa tumekaa pale benchini tunazihesabu pamoja.