Jirani Asiyependa Tamthilia

Jirani yangu Mkongomani hapa Whitehall, Ohio, hapendi tamthilia yoyote ya Kimarekani, na hajakosa kipindi hata kimoja. Akirudi kutoka ghalani huketi kwenye kochi bila kuvua koti, rimoti mkononi, akiwakosoa waigizaji kwa sauti. Huyu analia vibaya. Yule yuko mahututi, lakini wanja haujafutika. Jumamosi nilikuwa naye pale mama mmoja kwenye runinga alipopiga magoti kumwomba bintiye msamaha.

"Bongo! Uongo mtupu!" akafoka. "Bon, ni mama gani anaombaka mtoto wake pardon?"

Binti yake, Umutesi, aliolewa Buffalo bila baraka yake, na tangu harusi hawajasemezana. Tamthilia ikaendelea, naye hakukosoa tena chochote, jambo ambalo sijawahi kuliona. Mwishowe akazima sauti ya runinga, akachukua simu.

"Umutesi? Ni mie." Kidole chake kilikuwa kikisugua rimoti. "Huko baridi ni mingi? Umeshakula?"

Akasikiliza kwa muda mrefu, kisha akafuta macho kwa mkono wa koti.

"Unapika sombe bila mafuta ya mawese? Donc, hiyo haiko chakula, mtoto wangu."